Kampavani kwa watu wawili: misitu, pwani na volkano za Kisiwa cha Kaskazini, Nyuzilandi

Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi kimekusanya msitu wa mikauri, miti mikubwa ya asili ya huko, fukwe zenye maji moto chini ya mchanga, na volkano hai, vyote ndani ya mwendo ambao wawili wanaweza kuumaliza kwa kampavani, gari la kulala na kupikia ndani, kwa wiki mbili bila kukimbizana. Safari nyingi za huko huharibika mezani kabla ya kuanza: watu huandika orodha ya vivutio, wanagawa kilomita kwa siku, basi. Wakifika pwani maji yamejaa. Wakifika mlimani upepo hausimamiki. Kila mazingira kati ya haya matatu yana saa yake, na mwongozo huu unapanga safari kwa kuzifuata hizo saa.

Hatua ya 1: Anzeni na jedwali la maji kupwa na kujaa

Msimu mzuri ni kati ya katikati ya Februari na mwanzo wa Aprili. Kiangazi cha huko kimeshapoa kidogo, bahari bado ina joto, na wanafunzi wamerudi shule. Kuanzia Krismasi hadi mwisho wa Januari kambi za pwani hujaa kabisa. Lakini Februari na Machi pia huweza kuleta masalia ya vimbunga vya kitropiki. Gabrielle, mwezi Februari 2023, kiliharibu barabara na njia nyingi za miguu upande wa rasi ya Coromandel. Kwa hiyo wekeni usiku mmoja wa akiba usio na mpango wowote.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa siku kumi na nne ni huu: usiku mbili Waipoua (msituni), mmoja njiani kwenye ghuba ya Firth of Thames, tatu Coromandel (pwani), mbili Rotorua, mmoja Taupō, tatu Tongariro (volkano), na mmoja wa akiba kabla ya kurudi Auckland.

Kabla ya kukata tarehe, fungueni jedwali la maji la Whitianga au Mercury Bay. Tafuteni siku tatu mfululizo ambazo maji yanapwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Hizo ndizo siku zenu za Coromandel, kwa sababu mchanga wenye maji moto huchimbwa maji yakiwa yamepwa, na tarehe nyingine zote zihesabiwe kutoka hapo, mbele na nyuma. Maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku: yakipwa saa tano asubuhi Jumatatu, Jumatano yatapwa karibu saa sita na dakika arobaini mchana. Wakati wa bamvua ufuko hufunguka zaidi kuliko wakati wa maji mafu, kwa hiyo mkiwa na uchaguzi, chagueni siku za karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Angalizo dogo: majedwali ya huko yameandikwa kwa saa za Kizungu, na yapo yasiyoongeza saa moja ya kiangazi. Someni maelezo ya chini ya jedwali.

Jambo la kufungasha ambalo halisubiri: viatu vya kutembelea, hema na vyombo vya kambi vioshwe mpaka visibaki na chembe ya udongo. Kwenye uwanja wa ndege tangazeni chakula chochote, mbegu, asali, vitu vya mbao na viatu hivyo. Kutotangaza kitu cha hatari kwa mazingira ni faini ya dola 400 za Nyuzilandi papo hapo, na hawasikilizi kwamba mlisahau.

Hatua ya 2: Chagueni gari kwa kuanzia chooni

Watu huanza na kitanda. Anzeni na choo, kwa sababu choo ndicho kinachoamua mtalala wapi. Sheria ya kulala nje ya kambi rasmi ilitungwa mwaka 2011 na kukazwa mwaka 2023. Kwa sheria hiyo iliyokazwa, gari linalotaka kulala kwenye maeneo mengi ya halmashauri lazima liwe na choo kilichofungwa kwenye gari, kinachoweza kutumika hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Choo cha kubebeka kilichosukumwa chini ya kiti hakihesabiki tena. Gari lililokaguliwa hubeba kadi ya kijani inayoonyesha idadi ya watu lililoidhinishiwa. Hakikisheni imeandikwa wawili au zaidi. Gari lililoidhinishiwa mtu mmoja mkalala wawili ni kosa.

Kiwango cha chini cha sheria ni lita 12 za maji safi kwa kila mtu na nafasi kama hiyo ya maji machafu, yaani lita 24 kwa 24 kwa wawili kwa siku tatu. Hicho ni kiwango cha kuishi tu. Kwa matumizi ya kawaida ya wawili (kupika, vyombo, kujipangusa mwili) hesabuni lita 12 hadi 15 kwa siku. Tangi la lita 60 au zaidi linawapa siku nne za utulivu.

Mengine ya kuangalia:

Kitanda kisichobomolewa kila asubuhi, ikiwa bajeti inaruhusu. Kwenye gari ambalo meza inageuzwa kitanda, siku ya mvua inayowafungia ndani mmoja akiwa amelala na mwingine anataka chai ni siku ndefu sana. Kama hamna budi kuchukua aina hiyo, chagueni yenye viti viwili vya mbele vinavyozunguka kuelekea ndani.

Urefu. Van yenye paa lililoinuliwa ina karibu mita 2.7, na yenye kitanda juu ya dereva hupita mita 3. Andikeni urefu halisi kwenye karatasi na mbandike kwenye dashibodi. Majengo mengi ya maegesho mjini huishia mita 2.1.

Mafuta. Gari la dizeli hutozwa ada ya barabara kwa kila kilomita, juu ya bei ya mafuta. Kampuni za kukodisha huijumlisha mwishoni, kwa hiyo ulizeni kiwango chake kwa kilomita 100 mkilinganisha na gari la petroli.

Barabara zilizokatazwa. Mikataba mingi hukataza kuendesha kwenye mchanga wa Ninety Mile Beach na barabara ya Coromandel kaskazini ya Colville. Mkipita huko bima huanguka. Na majina yenu wote wawili yaandikwe kama madereva.

Hatua ya 3: Saa moja ya makabidhiano

Msikubali kupewa funguo kwa dakika kumi. Fanyeni haya mfanyakazi wa kampuni akiwa bado yupo, wote wawili mkitazama:

1. Washeni jiko, kisha zimeni. Moto uwe wa bluu. Wa njano unaotoa masizi una kasoro.
2. Fungulieni bomba la sinki. Pampu ikiendelea kunguruma baada ya kufunga bomba, kuna uvujaji au hewa ndani ya mabomba.
3. Toeni kaseti ya choo na kuirudisha. Mpira wa mlango wake usiwe umekauka wala kupasuka. Hapo ndipo harufu na uvujaji huanzia.
4. Someni volti za betri ya ndani injini ikiwa imezimwa. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia inasoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu.
5. Bonyezeni vitufe vya kujaribu king'ora cha gesi na cha moshi.
6. Chomekeni waya wa umeme wa nje mwone taa ya kuchaji inawaka.
7. Pigeni picha paa, kingo za chini, kioo cha mbele na matairi. Bima nyingi za kawaida haziingizi paa wala sehemu ya chini ya gari.
8. Ulizeni tairi la akiba lilipo, na kama halipo, ni namba gani ya kupiga.

Hamisheni vitu vyote kwenye mifuko laini na masanduku magumu yaachwe kwenye ofisi ya kampuni. Sanduku gumu halina pa kukaa ndani ya kampavani, litahamishwa kutoka kitandani hadi kitini kila jioni.

Hatua ya 4: Maji, choo, umeme na gesi

Hapa ndipo safari ya wawili hupata utulivu au kuukosa, na ndiyo sababu sehemu hii ni ndefu. Kila mmoja ajue kufanya kila kitu angalau mara moja, kisha gawaneni kazi. Mmoja ashike mambo ya nje (choo, maji, waya wa umeme), mwingine ya ndani (gesi, makabati, kufunga vitu). Kabla ya kuondoka, anayeshika ndani aseme kwa sauti: gesi imefungwa, friji imefungwa, tundu la paa limefungwa, kitu juu ya meza hakuna. Tundu la paa lililosahaulika wazi hung'olewa na upepo barabarani.

Kwenye kituo cha kumwaga maji taka utaratibu ni muhimu. Jazeni maji safi kwanza, mikono ikiwa misafi, kwenye bomba lililoandikwa kuwa ni la kunywa na kwa mpira wenu wenyewe. Kisha fungulieni maji machafu ya sinki. Mwisho choo. Vaeni glavu, shikeni kitufe cha hewa cha kaseti huku mkimimina ili isirushe, suuzeni kwa lita mbili tatu mara mbili, halafu wekeni dawa na lita moja au mbili za maji kabla ya kuirudisha. Kaseti ikiachwa kavu, kinyesi hushika chini na hakitoki tena kwa kusuuza. Bomba la kusuuzia kaseti lisiguse kamwe chombo cha maji ya kunywa.

Kaseti ya lita 18 hivi hujaa kwa siku mbili hadi tatu kwa watu wawili. Mkitumia vyoo vya umma mchana, inafika siku nne. Msingoje taa nyekundu. Kaseti iliyojaa hadi ukingoni humwagika gari likipinda.

Umeme ni hesabu. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 mnaitumia nusu tu, maana ikishuka zaidi ya hapo mara kwa mara inakufa mapema. Mna 50, basi. Friji ya kompresa hula karibu 40 kwa siku ya joto, na taa, pampu na simu 10. Hiyo ni siku moja. Mkiendesha saa mbili, alteneta hurudisha kiasi cha 40 hadi 50. Kwa hiyo siku za kuendesha mko salama popote, na siku za kukaa tuli ndizo za kulipia sehemu yenye umeme wa kuchomeka. Kwenye ratiba hii tuli ni Tongariro, ambako kuna baridi pia. Wekeni umeme huko, na Coromandel usiku mmoja kati ya mitatu. Gari likiwa na betri ya lithiamu mnaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90, na mambo yanalegea.

Gesi haina shida: wawili wanaopika mara mbili kwa siku hutumia karibu gramu 200, hivyo mtungi wa kilo 4 unavuka safari nzima. Fungeni valvu ya mtungi kila mkiendesha. Na jiko lisitumike kamwe kupasha gari joto. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na watu wawili waliolala hawatajua.

Usingizini wawili hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa pumzi. Gari likifungwa kote, asubuhi maji hutiririka kwenye vioo na godoro huloa upande wa chini. Acheni tundu la paa wazi kidogo na dirisha moja la upande wa pili wazi kwa upana wa kidole, hata kukiwa na baridi. Asubuhi inueni godoro dakika kumi.

Hatua ya 5: Barabara

Mnaendesha kushoto. Kikomo ni kilomita 100 kwa saa nje ya miji na 50 mjini, na magari ya uzito unaozidi kilo 3,500 huishia 90. Tazameni vibao vya njano kwenye kona. Namba iliyoandikwa hapo inafaa gari dogo kwenye lami kavu. Kwa kampavani toeni kumi.

Madaraja ya gari moja yapo mengi. Kibao cha duara chenye mshale mdogo mwekundu upande wenu kinawaambia msubiri. Cha bluu chenye mshale mkubwa mweupe upande wenu kinawapa nafasi, ingawa bado angalieni kabla ya kuingia. Magari yakijipanga nyuma yenu, ingieni pembeni panapofaa na kuyapisha.

Muda unaotolewa na simu ongezeeni robo. Auckland hadi Waipoua kwa kampavani ni karibu saa nne, na kona zinaanza mkiwa mmeshachoka. Badilishaneni usukani kila saa moja na nusu. Mkirudi nyuma, asiyeendesha ashuke na kusimama mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo cha pembeni. Asipoonekana, dereva asimame. Kubalianeni ishara tatu za mkono kabla ya siku ya kwanza: njoo, simama, geuza. Kelele za dirishani ndizo huzaa ugomvi na mikwaruzo kwa pamoja.

Barabara tatu za kisiwa hiki ni za kulipia, moja kaskazini ya Auckland na mbili upande wa Tauranga. Hakuna kibanda. Mnalipa mtandaoni ndani ya siku tano, la sivyo kampuni ya gari itawatoza na ada yake juu.

Hatua ya 6: Msituni, Waipoua

Barabara Kuu ya 12 inapita katikati ya msitu, nyembamba na yenye kona, miti ikiwa imesogea hadi ukingoni. Ingieni mchana. Tāne Mahuta, mkauri hai mkubwa kuliko yote unaojulikana, una urefu wa zaidi ya mita 51 na mzingo wa shina unaokaribia mita 14. Upo mwendo wa dakika tano kutoka barabarani, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia. Nendeni mapema asubuhi kabla ya mabasi.

Mikauri inauawa na kiumbe kidogo cha udongoni kiitwacho Phytophthora agathidicida. Hushambulia mizizi, mti hushindwa kunyonya maji na chakula, na dawa ya kuuponya kabisa haipo. Udongo wa ukubwa wa kichwa cha pini kwenye soli unatosha kuubeba. Kila mlango wa njia una kituo cha kusafishia, na utaratibu ni huu: kwangueni udongo wote kwa brashi, kisha kanyageni au nyunyizieni dawa, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Dawa haifanyi kazi juu ya udongo uliobaki, na hili ndilo kosa la kawaida: mtu ananyunyizia kiatu chenye tope na kuondoka akiwa na amani. Mizizi ya mkauri iko juujuu ya ardhi, hivyo msishuke kwenye njia ya mbao hata kwa picha. Mti huu Wamaori (wenyeji wa asili wa Nyuzilandi) wa eneo hilo, Te Roroa, ndio walezi wake, na mara nyingi mlezi mmoja huwa pale. Ongeeni naye.

Kwa kulala, Trounson Kauri Park, kusini kidogo, ina kambi ya Idara ya Uhifadhi, ambayo wote huiita DOC. Kuna njia ya mzunguko ya kutembea usiku kutafuta ndege kiwi. Tokeni saa moja au zaidi baada ya giza kuingia, funikeni tochi kwa karatasi nyekundu, tembeeni taratibu na msiongee. Kiwi husikika wakikwaruza majani kabla ya kuonekana. Msielekeze mwanga kwa ndege.

Kuegesha msituni kuna sheria mbili. Msilale chini ya tawi kavu, hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Na kwenye majani yaliyoloa, magurudumu yanayosukuma gari yakae kwenye changarawe au lami. Kama gari lenu linasukumwa na ya mbele, egesheni pua ikielekea njia. Gari likianza kuzama, acheni kukanyaga mafuta, maana kila mzunguko wa gurudumu unachimba. Punguzeni uzito, wekeni mikeka ya mlangoni mbele ya magurudumu na muondoke kwa gia ya pili.

Hatua ya 7: Pwani, Coromandel

Kutoka Waipoua msiende Coromandel kwa siku moja. Laleni upande wa magharibi wa Firth of Thames, karibu na Pūkorokoro Miranda, ambako kuaka, ndege wahamiaji wanaoruka moja kwa moja kutoka Alaska, huonekana kuanzia Septemba hadi Machi. Nao hufuata maji: njooni saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, bahari inapowasogeza kuelekea nchi kavu.

Thames hadi mji wa Coromandel ni kilomita 55 tu, lakini barabara imebana kati ya mwamba na bahari.  Mkielekea kaskazini bahari iko kushoto kwenu, hatua chache kutoka gurudumu, kwa hiyo msifurahie mandhari mkiwa mnaendesha. Kuna sehemu nyingi za kusimama.

Hot Water Beach, upande wa mashariki, ndiyo mliyoipangia tarehe. Dirisha la kuchimba ni saa mbili kabla ya maji kupwa hadi saa mbili baada yake. Fikeni mapema ndani ya dirisha hilo mkiwa na koleo. Elekeeni mbele ya miamba iliyo katikati ya ufuko, chomekeni vidole vya mguu mchangani mpaka mpate joto. Maji ya chini hufika nyuzi 64, yanayounguza ngozi, hivyo pimeni kwa mkono kabla ya kukaa. Chimbeni pembeni kidogo ya sehemu ya moto zaidi, mwache mfereji mwembamba upande wa bahari uingize maji baridi, na mzuie kwa ukuta wa mchanga. Shimo lisipite goti, kwani mchanga uliojaa maji hubomoka ghafla. Siku ya mawimbi makubwa dirisha hupungua sana hata kama jedwali linasema vingine. Na msiogelee mbele ya ufuko huo: una mikondo mikali inayovuta kwenda baharini. Kuogelea kufanyike kwenye fukwe zenye walinzi, kati ya bendera nyekundu na njano.

Kabla ya giza la usiku wa kwanza wa kila kambi ya pwani, tembeeni pamoja njia ya kupandia sehemu ya juu. Tetemeko likidumu zaidi ya dakika moja, au likiwa kali kiasi cha kushindwa kusimama, ondokeni wakati huohuo kwenda juu, kwa miguu kama inawezekana, bila kungoja king'ora wala ujumbe wa simu. Viatu na tochi vilale karibu na mlango. Namba ya dharura ni 111.

Chumvi nayo ina kazi yake. Futeni miguu nje, wekeni beseni dogo mlangoni. Mchanga ukiingia kwenye reli ya mlango wa kuteleza, mlango hukataa kufunga siku ya tatu. Brashi kavu inatosha. Mafuta hunasa mchanga zaidi.

Hatua ya 8: Volkano, kutoka Rotorua hadi Tongariro

Rotorua inanuka salfa kwa sababu ardhi inatoa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa mabondeni, na pua huizoea haraka, kwa hiyo kutosikia harufu si ushahidi wa usalama. Chagueni kambi yenye upepo, mbali na nyufa zinazofuka, na mkipata maumivu ya kichwa hamisheni gari. Vueni vito vya fedha kabla ya kuingia kwenye maji moto, maana huwa vyeusi.

Kwenye madimbwi ya asili kichwa kisizame kamwe wala maji yasiingie puani. Amiba aitwaye Naegleria fowleri huishi kwenye maji ya aina hii na akipita puani husababisha ugonjwa wa ubongo unaoua. Shingo juu, mnaoga kwa raha. Tembeeni kwenye njia zilizowekwa tu, maana ukoko wa ardhi pembeni unaweza kuwa mwembamba juu ya maji yanayochemka. Maegesho ya madimbwi ya bure hupendwa na wezi: pasipoti ziende nanyi.

Wai-O-Tapu, eneo la chemchemi za moto karibu na Rotorua, fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Chemchemi ya Lady Knox hurushwa kila siku saa nne na robo kwa kutiwa sabuni. Waimangu, jirani yake, ni bonde lililozaliwa na mlipuko wa Tarawera wa tarehe 10 Juni 1886, na kwa maoni yetu ndilo linalofundisha zaidi: mnashuka kwa miguu na kuona mimea ikirudi hatua kwa hatua, kisha basi huwapandisha.

Taupō ni usiku mmoja wa kujipanga. Ziwa lenyewe ni kasoko la volkano kubwa. Fueni nguo, jazeni maji, mwageni choo, nunueni chakula cha siku tatu, na jazeni mafuta Tūrangi, mji mdogo wa njiani. Hita ya dizeli huchota kwenye tangi la gari na nyingi hujizima tangi likishuka chini ya robo. Kijiji cha Whakapapa kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na usiku wake ni wa baridi hata kiangazi.

Sasa saa ya tatu, ya upepo. Mna siku tatu Tongariro ili mchague moja ya kuvuka mlima kwa miguu, kwa njia iitwayo Tongariro Alpine Crossing. Kila jioni someni vitu vitatu: utabiri wa mlima wenyewe, wala si wa mji, kiwango cha tahadhari ya volkano cha GeoNet (taasisi inayofuatilia volkano na matetemeko), kinachoanzia 0 hadi 5, na tangazo la DOC. Kasoko ya Te Maari, juu ya njia hiyo, ililipuka mara mbili mwaka 2012 na kurusha mawe kwenye njia, kwa hiyo kiwango hicho si pambo. Upepo wa juu ukitabiriwa kuzidi kilomita 60 kwa saa, au mawingu yakiwa yamefunika, msiende. Tumieni siku hiyo kwa mzunguko wa Taranaki Falls, kilomita 6, saa mbili hivi.

Siku ikiwa nzuri:

1. Jisajilini kwa DOC na wekeni nafasi ya basi mapema. Maegesho ya Mangatepopo yana kikomo cha saa nne kipindi cha kiangazi, na njia inachukua saa saba hadi nane, kwa hiyo acheni gari kambini.
2. Anzieni Mangatepopo, malizieni Ketetahi. Mwanzo uko karibu mita 1,120 na mwisho karibu 760, hivyo mnashuka zaidi ya mnavyopanda. Urefu wote ni takriban kilomita 20.
3. Kila mmoja abebe lita mbili hadi tatu za maji. Njiani hakuna ya kunywa. Ongezeni koti la mvua, nguo ya joto, kofia, glavu, mafuta ya kukinga jua na karatasi ya choo.
4. Kupanda Red Crater, karibu mita 1,900, ndiko kugumu. Mkifika juu na hamwoni alama inayofuata, rudini mlikotoka.
5. Kushuka kwenda kwenye maziwa ya kijani ni changarawe inayoteleza. Tangulizeni kisigino, pindeni magoti kidogo, na mmoja asiwe moja kwa moja juu ya mwenzake, kwani mawe yanabiringika.
6. Msiguse maji ya maziwa hayo na msipande kilele cha Ngauruhoe. Kwa Wamaori wa huko, Ngāti Tūwharetoa na Ngāti Hikairo, ni mahali patakatifu. Hifadhi yenyewe ilianza na zawadi ya chifu Te Heuheu Tūkino IV mwaka 1887.

Mkitoka kupitia Desert Road, mashariki ya Ruapehu, barabara hupanda hadi mita 1,074 na upepo wa ubavuni husukuma van ndefu. Punguzeni mwendo, shikeni usukani kwa mikono miwili. Msiache barabara kuingia jangwani, maana sehemu ya eneo hilo ni uwanja wa mazoezi wa jeshi.

Hatua ya 9: Kurudisha gari

Usiku wa akiba mkiwa bado nao, laleni saa moja au mbili kabla ya Auckland, kwenye kambi yenye kituo cha maji taka. Asubuhi mwageni choo na maji machafu, kwa kuwa kaseti isiyosafishwa hutozwa ada nzito. Fagieni mchanga kwenye reli na chini ya godoro. Jazeni mafuta ndani ya kilomita chache kutoka ofisini na mtunze risiti. Pigeni tena picha zilezile za siku ya kwanza, pamoja na kilomita kwenye dashibodi, kwa ajili ya ada ya dizeli. Lipieni barabara za kulipia ambazo hamjalipia, kisha kagueni friji, kabati la juu ya kitanda na mfuko wa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo chaja na pasipoti husahaulika.